Umefikia kwa nani? Mgeni, mwenyeji na dhamana katika historia yetu



Mwaka jana kijana mmoja wa familia zetu hapa Kinama alisafiri kwenda mji mmoja wa pwani kwa masomo ya wiki tatu. Kabla ya kuondoka alilipia chumba kwa simu, kupitia programu ambayo watu hupangishia nyumba zao kwa wasafiri. Picha zilikuwa nzuri: kitanda chenye shuka nyeupe, feni, dirisha linaloelekea kwenye mwembe. Wageni waliotangulia walikuwa wamekisifu chumba kile na kukipa karibu nyota tano.

Alifika saa tatu usiku akakuta kufuli mlangoni. Alipiga simu, haikupatikana. Alisimama pale na begi lake kama nusu saa, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba ya pili akamwita. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee akamwuliza, "Mwanangu, umefikia kwa nani?" Kijana akataja jina la programu. Mzee akatikisa kichwa. "Hilo ni jina la duka. Mimi nakuuliza umefikia kwa nani."

Kijana hakuwa na jibu. Usiku ule alilala kwa mzee yule, akala wali na samaki, na asubuhi ikabainika kwamba mwenye chumba alikuwa mji mwingine na alikuwa amekosea tarehe. Fedha zilirudishwa baada ya siku tisa.

Aliporudi na kutusimulia tulicheka, lakini lile swali la mzee lilibaki nasi. Hapa Kinama kuna familia zinazopokea wafanyabiashara kutoka Uvira na Kigoma, wanafunzi kutoka mikoani na watu waliokuja harusini, na baadhi yetu tumeanza kutangaza vyumba vyetu kwenye simu. Ni halali, na maisha ni magumu. Lakini tunapojifunza kuhesabu nyota tunapaswa kujua swali lile limetoka wapi, maana ni swali la zamani sana.

Mashua za Mogadishu

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka kwa jahazi katika mwambao wetu. Alipitia Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa. Miaka mingi baadaye, safari zake ziliandikwa kitabu, nacho kikakamilika mwaka 1355. Humo ameeleza namna Mogadishu walivyopokea wageni.

Jahazi lilipotia nanga, mashua ndogo zilitoka pwani kulilaki. Ndani yake walikuwemo vijana wa mjini, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimwendea mfanyabiashara mmoja, akamkabidhi sahani na kutangaza mbele ya wote kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakufikia ila kwenye nyumba ya mwenyeji huyo. Aliyesamehewa sharti hili ni yule aliyekwisha kuuzoea mji na kujuana na watu wake.

Tusidhani kwamba ile ilikuwa sadaka. Ilikuwa biashara. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizotaka, na kwa kazi hiyo alipata chake. Na mtu akimpunja mgeni bei, au akimwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwepo, biashara hiyo ilikataliwa. Basi mwenyeji alikuwa na vyeo viwili kwa pamoja: alikuwa mpishi wa mgeni, na alikuwa mdhamini wake. Sokoni watu walimjua mgeni kwa jina la mwenyeji wake.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara. Kijana mmoja alipomkaribia aliambiwa kwamba huyu ni mwanachuoni, na hapo hapo ikatangazwa kwamba ni mgeni wa kadhi. Kadhi alikuja ufukweni pamoja na wanafunzi wake. Baada ya salamu na taarifa kwa sultani, msafiri akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi, imetandikwa na kutayarishwa. Akaletewa wali uliopikwa kwa samli na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Zikaja ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, kisha achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Chakula kililetwa mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa, akaletewa nguo za kuvaa.

Wanafunzi wetu wanaokaa bweni wataona wivu kidogo. Lakini wazingatie hesabu: siku tatu.

Kwa nini siku tatu

Hesabu hiyo haikuwa ya bahati. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba haki ya mgeni ni kukirimiwa usiku na mchana, na ugeni ni siku tatu. Kinachozidi hapo ni sadaka. Na mgeni naye amekatazwa kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki.

Mara nyingi katika mawaidha tunasikia nusu ya kwanza tu, ile inayomtaka mwenyeji atoe. Nusu ya pili inamfunga mgeni. Wazee wetu waliielewa vizuri, ndiyo maana wakasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kauli hiyo si ya uchoyo. Aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, akila anachokifanyia kazi.

Hata nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya Waswahili zilijengwa kwa fikra hiyo. Mlangoni palikuwa na daka lenye baraza, na nyumba nyingi zilikuwa na chumba cha wageni, sabule, upande wa mlango mkubwa, mbali na vyumba vya ndani. Mgeni wa kiume aliweza kuja, kulala na kuondoka, na watu wa nyumbani wasivurugiwe faragha yao. Leo tunapojiuliza kama inafaa kuweka mgeni asiyejulikana nyumba moja na binti zetu, mafundi wa zamani walikwisha kulitazama jambo hilo wakalijibu kwa ukuta na mlango.

Njia ya bara mpaka ziwani kwetu

Karne ya kumi na tisa desturi hii ilipanda bara pamoja na misafara. Mwezi wa Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora. Mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliwapatia nyumba, akasimamia mizigo yao na mambo ya wapagazi, akawatazama wakiwa wagonjwa. Burton alimsifu sana katika kitabu chake. Mwaka uliofuata wawili hao walifika Ujiji, na kutoka huko wakaja kwa mitumbwi hadi Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka hapa Bujumbura.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Nyumba kubwa za Kazeh na Ujiji zilihudumiwa na watumwa. Aliyechota maji ya mgeni, aliyetwanga na aliyepika, wengi wao hawakuwa na hiari, na jina la hata mmoja wao halikusifiwa kitabuni. Ukarimu wa bwana ulibebwa na mgongo wa mwingine. Tukisimulia sifa za wazee tukaliacha hili, tutakuwa tumewasomesha watoto wetu nusu ya historia.

Wala si kila aliyebisha hodi alikuwa mgeni. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu zake Ujiji na alijaribu kuzipanua mpaka Burundi kwa bunduki. Mfalme Mwezi Gisabo alimzuia. Anayekuja kuteka hana haki ya mgeni.

Kusini kidogo mwa Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe ambalo wengi wetu tumepelekwa kulitazama tukiwa wanafunzi. Limeandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Walikuwa wakizunguka kaskazini ya ziwa kutazama mto Rusizi, na walilala pale siku mbili wakiwa wageni wa chifu mmoja aliyeitwa Mukamba.

Jiwe linataja wageni, halimtaji mwenyeji. Tukifikiri vizuri, karibu habari zote tulizosimulia hapa zimeandikwa na wageni. Ibn Battuta aliwasifu watu wa Mogadishu, Burton akamsifu Snay. Lakini hatuna kitabu cha kijana aliyebeba ile sahani iliyofunikwa, kutueleza kama mgeni wake alikuwa na adabu, kama alilipa deni lake, kama aliaga alipoondoka. Mgeni ndiye aliyeshika kalamu, na mpaka leo ni yeye anayeishika zaidi.

Februari 2001

Sasa turudi nyumbani. Mwishoni mwa Februari 2001 wapiganaji wa FNL waliingia Kinama, na mapigano kati yao na jeshi yakaendelea mpaka mwanzoni mwa Machi. Maelfu ya watu walikimbia. Tuliokuwepo tunakumbuka: magodoro kichwani, watoto mgongoni, sufuria mkononi, na kila mtu akiwaza ataelekea wapi.

Wengine tulielekea Buyenzi. Mtaa ule wa Waswahili ulikuwa umepita katika miaka mibaya baada ya 1993 bila kugawanyika kama mitaa mingine, na Wahutu na Watutsi walikuwa bado wakikaa ua mmoja. Tulipokelewa na familia ambayo tulikuwa tukijuana nayo kwa salamu za msikitini tu. Hatukuulizwa kabila wala tutakaa siku ngapi.

Kwa vipimo vya leo, malazi yale yangepata nyota mbili. Tulikuwa familia tatu katika ua mmoja. Choo kilikuwa kimoja na foleni yake ilianza kabla ya alfajiri. Tulilala chini kwenye mikeka, na chakula kilikuwa maharage na ugali wa muhogo, siku ya bahati ndagala. Lakini usiku wa kwanza walipokuja watu kuuliza hawa ni nani na wametoka wapi, mwenye nyumba alitoka nje, akasimama mlangoni, akasema maneno matatu: "Ni wageni wangu." Wale watu wakaondoka.

Wakati ule hatukuwa tumesoma habari za mashua za Mogadishu. Tulipozisoma baadaye, tuliyatambua maneno yale mara moja.

Siku ya nne unga wa mwenyeji wetu ulikwisha. Hakusema, lakini mama wa nyumba alionekana akipima kwa kikombe. Basi akina mama wetu wakaingia jikoni, vijana wakaenda kutafuta vibarua sokoni, na kila jioni kilichopatikana kiliwekwa pamoja. Hakuna aliyetupa jembe, tulilichukua wenyewe. Na tuliporudi Kinama tukakuta milango imevunjwa, yule mwenyeji alikuja na misumari.

Nyota tano

Tulinganishe sasa na mambo ya leo. Mwaka 2007 vijana wawili wa San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia, walishindwa kodi ya nyumba. Wakaweka magodoro ya kujaza upepo sebuleni na kuwapangisha wageni watatu waliokuja kwenye mkutano, dola 80 kila mmoja kwa usiku. Mwaka 2008 jambo hilo likawa kampuni, ambayo leo inajulikana duniani kote kwa jina la Airbnb. Msingi wake ni kwamba mtu asiyekujua atakuamini kwa sababu watu wengine wasiokujua wamekupa nyota.

Hatuidharau njia hiyo. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Marekani walitoa kipimo cha ubora wa huduma kinachotumika mpaka leo, chenye mambo matano: vitu vinavyoonekana, kutimiza ahadi, wepesi wa kuhudumia, kumfanya mteja awe na imani, na kumjali kila mtu kwa hali yake. Mama yeyote wa Kinama ataona humo mambo aliyofundishwa na bibi yake. Shuka safi ni sehemu ya heshima, na maji ya kuoga yawepo kabla mgeni hajayaomba.

Lakini nyota zina mipaka. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu asilimia 95 ya nyumba za Airbnb zilikuwa na wastani wa nyota nne na nusu au zaidi. Ikiwa karibu kila nyumba ni bora, nyota hazikutofautishii sana. Watu huona haya kumsema vibaya aliyewafungulia mlango, na pande zote mbili huogopa maneno ya mwenzake. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba huko Marekani wasafiri wenye majina yanayojulikana kuwa ya watu weusi walikubaliwa kwa asilimia 16 pungufu kuliko wenye majina ya Wazungu. Jina lilitosha kumfungia mtu mlango kabla hajabisha hodi.

Na mwaka 2011 nyumba ya mwenyeji mmoja wa San Francisco iliharibiwa vibaya na mgeni. Baada ya malalamiko makubwa, kampuni ilitangaza dhamana ya dola 50,000 kwa wenyeji, na mwaka 2012 ikaipandisha hadi dola milioni moja. Jambo hili ni la kuzingatiwa. Baada ya miaka michache ya nyota, walirudi pale pale walipokuwa watu wa Mogadishu mwaka 1331: lazima awepo mtu wa kubeba dhamana. Tofauti ni kwamba dhamana ya zamani ilibebwa na mtu mwenye jina na mlango. Yule kijana wetu alipokuta kufuli, fedha zake zilikuwa na dhamana na zilirudi. Yeye mwenyewe usiku ule hakuwa na mdhamini, mpaka mzee wa barazani alipoamua kuwa mdhamini wake.

Kwa familia zinazopokea wageni

Hatusemi watu waache kupangisha vyumba, wala hatusemi kila mgeni alale bure. Wale vijana wa Mogadishu walikuwa wafanyabiashara na hawakuona aibu. Tunachosema ni kwamba kupokea fedha hakumwondolei mwenyeji dhamana. Kwa hiyo tunashauriana haya:

1. Sema ukweli wa nyumba yako. Kama maji hutoka usiku tu, au umeme hukatika, mgeni aambiwe kabla hajalipa. Picha isiahidi kisichokuwepo.

2. Mgeni awe na mtu wa kumtaja. Akiulizwa njiani amefikia kwa nani, awe na jina na namba ya simu inayopokelewa. Ukisafiri, mkabidhi kwa jirani.

3. Mjulishe mgeni kwa majirani na kwa mkuu wa nyumba kumi. Ni usalama wake na ni usalama wenu.

4. Tenga sehemu ya mgeni na sehemu ya familia. Wasio na sabule watafute pazia na utaratibu.

5. Mtazame anayefanya kazi. Mgeni wa kulipa akiingia, nani anaamka saa kumi kuchemsha maji? Ikiwa ni binti anayekosa masomo, au msaidizi wa nyumbani ambaye haongezwi kitu, basi tumerudia dhambi ya Kazeh. Katika kila malipo ya mgeni pawe na fungu la aliyehudumu.

6. Nanyi mnaosafiri: mgeni naye ana adabu zake. Fika kwa wakati, usilete watu usiowataja, acha chumba kama ulivyokikuta, na uage. Ukiandika maoni yako, andika kwa haki. Na ukumbuke kumtaja mwenyeji, asiwe kama Mukamba wa Mugere.

Wanafunzi tunawapa kazi. Kaeni na wazee wa nyumbani kwenu muwaulize: mwaka 2001, na katika miaka mingine ya kukimbia, mlifikia kwa nani? Andikeni majina yao katika daftari lenu. Wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na wenyeji wao wa siku zile wanazeeka bila yeyote kuandika walilolifanya.

Mwenyeji wetu wa Buyenzi bado yu hai, alhamdulillah. Katika Idi iliyopita tulikwenda kumwona, tukamsimulia habari za nyota tano. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: yule kijana, usiku ule alikula?

Wabillahi tawfiq.